Jibu Alilopewa Godlove

Njoro, Moshi
Mwishoni mwa Mei

Kaka yangu mpendwa Eliamini,

Shikamoo kaka. Pokea salamu zangu kutoka huku nyumbani, ambako mvua haijatuacha tangu ulipoongea na Mama mara ya mwisho. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu, na baridi ya huko Uswidi iwe imeanza kulegea kama ulivyotuambia. Sisi tunaendelea. Siwezi kuandika kwamba hatujambo kabisa, maana neno hilo limekuwa zito katika nyumba yetu, lakini tunaamka, tunakula, na Jumapili tunakwenda kanisani.

Mama anakusalimu sana. Presha yake ilipanda baada ya msiba, sasa imeshuka, ila miguu inavimba akikaa sana, na siku hizi anakaa sana. Ng'ombe amezaa ndama jike. Kahawa ilitoa maua mazuri, kisha mvua ya mawe ikayapukutisha karibu yote upande wa juu wa kihamba, shamba letu la ukoo. Mama alipita katikati ya mistari akitazama maua chini, akaingia ndani. Zamani angelalamika hadi majirani wasikie. Mimi hushuka mjini Jumatatu kwenda kazini na kupanda tena Machame Ijumaa, nikamtazame.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, mimi ambaye nimekuwa nikikutumia vijisauti vya WhatsApp tu. Nimejaribu kukupigia mara kadhaa nikakata kabla hujapokea. Nikiwa Machame, Mama yuko karibu na anasikiliza. Nikiwa huku Njoro, nawaza kwamba utanisikiliza ukiwa umesimama kwenye treni katikati ya watu. Haya si mambo ya kusikia ukiwa umesimama. Kuna mgeni wa usharika wetu anayerudi huko, nimemwomba aitie posta akifika. Tafadhali kaa, uisome yote, usiishie katikati.

Mazishi ya mdogo wako Godlove uliyaona kwenye simu niliyokuwa nimeishika, na najua mtandao ulikatika mara nyingi. Hukuona wapagazi wenzake walivyofika. Gari lenye jeneza lilishindwa kupita kwenye matope pale kona ya shule, vijana wa ukoo wakasogea kulibeba jeneza. Wale wapagazi wakawaomba kwa heshima wasimame kando. Walisema mwenzao wamepanda naye mara nyingi na wamegawana naye mizigo mingi, basi na huu waachiwe wao. Wakalibeba kwenye utelezi ule wote hadi kwenye kihamba bila kuliweka chini. Kwaya iliimba bila sauti yake ya besi, na kila mtu alisikia pengo lile. Mchungaji alihubiri vizuri. Lakini nyuma kabisa, karibu na zizi, nilisikia wanaume wawili wakiulizana kwa sauti ya chini kwa nini kijana mwenye nguvu zake akae chini njiani, kambi ikiwa pale mbele.

Swali hilo ndilo limetuua sisi tuliobaki. Taarifa ya ofisini kwetu ilisema kwamba mfumo wetu wa kuwafuatilia wapagazi mlimani haukupokea wito wowote kutoka kwa Godlove. Alikuwa na kidude chake kifuani kama wengine wote, chenye kitufe cha kuitia msaada, na taarifa ikasema hakukibonyeza. Watu wakajaza yaliyobaki. Wengine walisema mlima ulimchanganya akili. Wengine walisema alikata tamaa, na huko kwetu unajua neno hilo likisemwa juu ya marehemu linavyomwandama mama yake. Nawe kaka, siku ya matanga, ulimwambia Mama kwenye simu kwamba kidude kile ni kizuri, kwamba angebonyeza tu wangemfuata. Najua ulitaka kumfariji, ajue mwanawe hakutupwa. Lakini tangu siku hiyo Mama alikuwa akiniuliza kila Ijumaa nikifika: kwa nini mtoto wangu hakuita? Kwani nilimlea vipi, hata ashindwe kuita?

Sasa nikueleze ilivyokuwa, kama nilivyoelezwa na Wenseslaus. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi mkuu wa msafara ule, mtu wa Kibosho, mtu mzima, mkimya, ambaye amepanda mlima tangu tukiwa shule ya msingi. Alikuja ofisini kwetu mwezi uliopita, mchana, akakataa kiti. Aliniambia kwamba siku ile walikuwa wanatoka Shira kwenda Barranco. Wageni walipitia njia ya juu pamoja naye, wapagazi wakatangulia kwa njia yao. Godlove aliteguka goti karibu na kijito. Mwenzake akataka kukaa naye, lakini Godlove akamwambia aende, wageni wasifike wakakosa hema, yeye atakuja polepole, na akizidiwa atabonyeza. Muda mfupi baadaye likashuka wingu, ikaanza mvua ya barafu, na mtu hakuona tena mbele yake.

Wenseslaus alipofika kambini alitazama kishikwambi chake, kile ambacho ofisi yetu iliwapa viongozi. Kikaonyesha wote salama, hakuna aliyekwama. Alimuulizia Godlove. Mpagazi mmoja akasema labda ameteremka na wale wawili waliompeleka chini mgeni mgonjwa, kwa kuwa goti lilikuwa linamsumbua, na jambo hilo liliingia akilini. Wenseslaus aliniambia kwamba moyo wake ulikataa. Alivaa koti kabisa ili arudi njiani, kisha akatazama tena kile kioo, kikamwambia tena wote salama. Akavua koti.

Asubuhi wapishi wa msafara mwingine walimkuta. Alikuwa amekaa chini ya jiwe kubwa, amejifunika turubai, mzigo wake ameuweka vizuri pembeni ili usilowe. Goti amelifunga kwa skafu. Kambi ya Barranco haikuwa mbali, na njia pale inateremka. Hata kwa kujiburuza angefika, au angefika karibu kiasi cha kusikiwa. Ndiyo maana watu wote waliuliza kwa nini alikaa.

Wenseslaus hakuja kunisimulia hayo tu. Alikuja kwa sababu kuna kitu alikiona siku ile, akakisema kwa watu wa ofisi waliokwenda kuchukua vidude, nao wakamwambia hakina maana. Alipomfunua Godlove lile turubai, kidude kilikuwa mkononi, si kifuani. Na taa yake ilikuwa inawaka kijani.

Wewe unajua taa hiyo ina maana gani kuliko mtu yeyote. Mtu akibonyeza, taa inawaka nyekundu. Seva ikipokea na kujibu, inageuka kijani na kubaki hivyo hadi kiongozi aizime. Nilimwambia Wenseslaus kwamba huenda kiliharibika kwa maji. Aliniangalia akasema, "Dada, mimi nimesoma hadi darasa la saba na mitambo yenu siijui. Ninajua tu nilichokiona. Naomba unionyeshe kama kinaweza kuwaka hivyo chenyewe."

Nikaona si haki kumjibu kwa maneno. Nikachukua vidude viwili kutoka kabatini, nikawasha seva ya majaribio. Nikamwomba atoke na kimoja asimame kando ya barabara, karibu na mama anayeuza ndizi, akibonyeze nikimwambia. Nilimpigia simu. Akabonyeza. Kwenye kioo changu jina la majaribio likageuka jekundu, amekwama, na huko nje nikamsikia akisema, "Kijani." Kila kitu sawasawa. Nilikaribia kumwita aingie.

Kisha nikakumbuka jambo alilolitaja kwa kupita tu, kwamba kidude cha mpishi wao siku ile kilikuwa na betri mbovu, kinawaka na kuzima njia nzima. Nikachukua kile cha pili, nikakitia betri iliyokwisha, nikakiwasha. Kikatuma nusu ya ujumbe, kikazima. Kioo changu kikapepesa mara moja, jambo ambalo usipokuwa unalitazama hulioni. Majina yote yakawa meupe. Wote salama, hakuna aliyekwama. Nikashika simu nikamuuliza Wenseslaus taa yake ikoje.

"Bado kijani, dada," akasema. "Nizime?"

Nilikaa pale, yeye akiwa amesimama kwenye mvua na kile kidude, hadi mama wa ndizi akampa mfuko wa plastiki ajifunike kichwa.

Alipoingia nilimweleza nilivyoweza, na nakuandikia maneno yaleyale niliyomwambia, ili ujue nimesema nini kwa jina la kazi yetu. Nilimwambia kwamba ndani ya seva kila msafara una mchakato wake, kama karani mmoja anayeshughulika na msafara huo tu. Karani huyu anakaa akisubiri ujumbe. Ukija, anaujibu, na anachokijua anakishika kichwani tu, hakiandiki popote. Akiletewa kitu kilichovunjika asichokielewa, anaanguka. Hilo katika lugha yetu ya programu si ajali, ndivyo tunavyojenga kwa makusudi, kwa sababu yuko msimamizi anayemwinua mwingine papo hapo mahali pake. Ni utaratibu mzuri, na umetuokoa mara nyingi. Lakini yule mpya anaanza na kichwa kitupu. Hajui kwamba mwenzake alishamjibu mtu kule njiani. Anatazama, haoni aliyekwama, anasema wote salama. Na kidude cha yule mtu kikishapata jibu hakiiti tena.

Wenseslaus aliuliza kitu kimoja tu. Alitaka kujua kama siku ile alipotazama kioo, na Godlove ameshaita, kioo kilimdanganya. Nikamwambia ndiyo. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akalia pale mbele ya meza yangu, mwanaume wa umri wa baba yetu mdogo. Nilishindwa kulia naye. Nilihisi nimekauka.

Siku iliyofuata nilimpelekea Filemon, kama mkuu wa ofisi, jaribio lile. Sitaki umchukie Filemon, kaka. Ulifanya naye kazi mlipoanzisha ofisi, unajua si mtu mbaya, na ile taarifa ya kwanza aliiandika akiamini ni kweli. Aliomba nirudie jaribio. Akatazama. Akaomba tena. Kisha akafunga mlango na kuniambia nisahihishe kimyakimya, tusambaze toleo jipya kabla ya msimu wa wageni, tusonge mbele. Nikamuuliza kuhusu Mama, ambaye bado anaamini mwanawe alishindwa kuita. Filemon akasugua uso wake kwa muda mrefu.

"Elinipendo," akasema, "unajua kiunzi cha programu hii ni cha nani. Mama yako ameshazika mtoto mmoja. Unataka umzikie na wa pili akiwa hai?"

Ndiyo, kaka. Nadhani ulishaanza kuona kuanzia pale juu, na nisamehe, hakuna namna nyingine ya kulisema. Nilifungua mchakato wa misafara, nikaupekua mstari kwa mstari. Walioujaza baada yako walijaza vizuri: majina, ramani, hali ya hewa, ujumbe kwa viongozi. Hakuna kosa katika walichojaza. Kosa liko kwenye kiunzi chenyewe, lile faili la kuanzia ulilotuachia ulipoondoka, lenye nafasi zake za kujaza. Namna ya kuanza. Namna ya kujibu. Namna ya kufa. Kwenye namna ya kuanza uliandika hali tupu, na kwenye namna ya kujibu uliandika jibu linalotoka kabla ya kitu chochote kuhifadhiwa. Mtu alitakiwa kubadilisha pale kama kazi yake inataka kumbukumbu. Hakuna aliyebadilisha. Wanaoanza na kiunzi husoma wanachojaza wenyewe, kile walichokikuta wanakiamini. Nami nimekitumia kwa kazi nyingine ofisini nisiulize. Kilikuwa cha kaka yangu, na kilikuwa kinafanya kazi.

Nakumbuka ulivyonifundisha kiunzi hicho, wakati ule nimetoka chuo bila kazi. Tulikaa barazani Machame, Godlove akitukejeli kwamba tunaandika barua kwa mashine. Uliniambia kwamba katika Erlang, lugha ile ya kuandikia programu, kitu kikishapewa thamani hakibadilishwi, kwa hiyo kila hatua inaipokeza hatua inayofuata kile inachokijua, kama watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka mfereji hadi shambani. Nililipenda sana somo lile, hata leo ndivyo ninavyowafundisha wanaoanza. Hatukuzungumza habari ya ndoo inayomwagika mtu akianguka. Haikutujia, wala wewe wala mimi. Tulikuwa tunafikiria seva zisizolala, hatukumfikiria mtu aliyekaa kwenye barafu.

Kuna moja zaidi, na hilo sijamwambia mtu yeyote, hata Wenseslaus, ingawa nadhani analijua.

Watu wote waliuliza kwa nini Godlove alikaa. Alikaa kwa sababu alijibiwa. Vijana wanapopewa vidude wanafundishwa hivyo, na mimi ndiye niliyeyaandika maelekezo kwa Kiswahili: taa ikigeuka kijani, usiondoke ulipo, wanaokufuata wasikupoteze. Godlove alikuwa mtu wa kutii maelekezo. Angekaa taa ikiwa nyekundu? Hapana. Kwa nyekundu angejiburuza, angetambaa kwa goti lile akiita jina la kila mtu, na angefika, au wangemsikia. Lakini ilimwambia tumekupata, subiri. Akafunga goti, akaweka mzigo mahali pakavu ili wageni wasikute nguo zimelowa, akajifunika, akakishika kile kidude mkononi ili aione taa. Alikuwa anatusubiri, kaka. Hakukata tamaa hata kidogo. Nadhani alisubiri akiwa na uhakika hadi mwisho, na sijui kama jambo hilo linaniumiza au linanituliza. Siku nyingine linakuwa hivi, siku nyingine vile.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu nilipanda nyumbani nikiwa nimeamua. Maneno ya Filemon yalikuwa kichwani mwangu njia nzima. Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Nilimsalimia, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kuchambua naye ili nisimtazame usoni. Nikamwambia kwamba nimechunguza mwenyewe, kwamba taarifa ya ofisi ilikosea, na Godlove aliita.

Akaacha kuchambua. Akaniuliza kwa Kichagga kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika.

"Wakamjibu?" akauliza.

Kaka, nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nilikuwa nimepanga namna ya kumweleza habari ya mitambo inayosahau, na namna ya kulitaja jina lako au kutolitaja. Niliyatazama maharage mkononi mwangu, nikasema, "Walimjibu, Mama."

Alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu msiba wa Machi. Akasema, basi alijua watu wake wanakuja. Basi hakuwa peke yake. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akanyanyuka na kuniacha na ungo, akaenda kulala mchana ule, akalala hadi jioni bila kushtuka. Jumapili aliwaambia wanawake wenzake baada ya ibada kwamba mwanawe aliita na akajibiwa, ila hali ya hewa iliwazuia waliomfuata. Hilo la hali ya hewa aliliongeza mwenyewe, na mimi nilikuwa nimesimama hapohapo nikanyamaza. Sasa habari hiyo imezunguka mtaa wote. Hakuna tena anayesema alikata tamaa. Filemon ameisikia, hajaikanusha, wala hajaniambia kitu. Wenseslaus naye ameisikia. Aliniambia tu kwamba viongozi wamekubaliana, kila kambi mtu ataitwa kwa jina na ataitika kwa mdomo wake mwenyewe, na asiyeitika anarudiwa njiani hata kioo kikisema nini.

Kwa hiyo jina lako halijatajwa hapa kwetu. Sikulificha kwa ujanja, lilikosa tu mahali pa kuingilia baada ya Mama kuuliza alichouliza. Lakini sikuandikii ili upumue.

Mchakato wa ofisini nimeusahihisha. Sasa unaandika kwanza, ndipo unajibu, na ukiinuliwa upya unasoma kilichoandikwa kabla ya kufungua mdomo. Nimeujaribu kwa kuuangusha kwa kila namna niliyoweza kufikiria. Lakini kiunzi chako uliwahi kukiweka wazi mtandaoni, kwa moyo mzuri, ili yeyote akichukue bure, na watu wamekichukua. Nimeona wengine wakishukuru. Yuko mmoja wa kandokando ya Ziwa Viktoria anayekitumia kwa mitumbwi ya wavuvi wanaopotea. Yuko mwingine anayekitumia kwa wito wa wagonjwa zahanati, sijui nchi gani. Nimewaandikia hao wawili, mmoja amejibu. Wengine siwajui. Kiko kwa jina lako na ufunguo unao wewe. Naomba uingie leo hii, ukishamaliza kusoma, ukibadilishe. Usikibadilishe kimyakimya kama alivyotaka Filemon. Andika juu yake kwa maneno ya kawaida kilichokuwa kibaya na kilichotokea. Ukitaka usimtaje Godlove, usimtaje. Lakini waelewe kwamba kuna mtu alisubiri.

Najua nimekutwisha mzigo ukiwa mbali, na huna mtu wa nyumbani wa kukaa naye. Nililia kwa ajili yako kabla hujaujua msiba huu wa pili, nataka uamini hivyo. Sikuhukumu. Kama kungekuwa na hukumu tungegawana, mimi na wewe na Filemon na yule aliyempa mpishi betri mbovu, na isingerudisha kitu. Usikae na habari hii peke yako. Mwambie wifi. Ukihitaji kunipigia kelele, nipigie nikiwa Njoro, si Machame.

Na Mama ukimpigia, usimuulize tena habari ya kitufe. Ataanza mwenyewe. Atakuambia kwamba mdogo wako aliita, na kwamba alijibiwa. Atalisema kwa furaha, utaisikia sauti yake ya zamani. Mwitikie. Mwambie, ndiyo Mama, nimesikia. Nami hufanya hivyohivyo kila Ijumaa, na bado sijazoea.

Msalimie sana wifi. Usharika wote wanakukumbuka, hasa kwaya. Wenseslaus hakujui kwa uso, lakini aliposikia ninakuandikia alisema nikupe pole, nami nimeifikisha kama alivyonipa, bila kumweleza kitu. Makaratasi yako ya ukaazi huko yakikamilika, uje. Usingoje likizo kubwa.

Mimi mdogo wako,

Elinipendo